Kila mwalimu na mlango alioingilia

Yapo manung'uniko mawili ambayo yeyote azizoeaye shule zetu huyasikia pasi na kuyatafuta. La kwanza hutoka vinywani mwa walimu wa makamo na wazee: kwamba walimu vijana hawana subira, hufika kengele ikilia na kuondoka kengele ikilia, na macho yao hayabanduki kwenye simu. La pili hutoka kwa walimu vijana: kwamba wazee wameishikilia shule kana kwamba ni shamba la urithi, hawataki kujifunza jambo jipya, na huutumia umri wao kuwatwika wengine kazi zisizo zao. Maneno haya husemwa kwa kunong'ona majilisini, yaani katika chumba cha walimu, lakini wanafunzi nao huyasikia, na wao ni wepesi wa kuchagua upande.

Wengi huueleza ugomvi huu kwa neno moja tu: umri. Husema kwamba mzee ni mzee na kijana ni kijana, na maadamu maji na mafuta hayachanganyiki, hapana la kufanywa ila kustahimiliana hadi mmoja wao astaafu. Mimi siafiki. Kwa maoni yangu, kinachowatenganisha walimu wetu ni mlango ambao kila mmoja aliuingilia alipoajiriwa. Masharti yaliyompokea mwalimu siku yake ya kwanza ndiyo yaliyomfunza aitazame kazi hii kama nyumba yake au kama kibanda cha kujisitiri mvua ipite. Tusipolielewa hilo tutaendelea kulaumiana kwa makosa ambayo si yetu, na atakayeumia ni mtoto aliyeketi darasani.

Na tuutazame mlango wa kwanza. Mwalimu aliyezaliwa mwaka 1966 anafikisha miaka 60, umri wa kustaafu, mwaka 2026. Huyu alisoma chini ya mfumo wa zamani wa 7-4-2-3: miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, na mitatu ya chuo kikuu. Ikiwa alibahatika kuingia chuo kikuu katika miaka ya themanini, alipewa na serikali fedha za matumizi ambazo wanafunzi wa wakati ule waliziita "boom". Ikiwa alikwenda chuo cha walimu wa msingi, alisoma miaka miwili akatoka na cheti cha P1. Kwa vyovyote vile, alipohitimu kazi ilikuwa ikimngoja. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilimwandikia barua ya kumpeleka shuleni, naye akaanza kazi ya kudumu yenye pensheni iliyogharimiwa na serikali. Wakati huo alitarajia kustaafu akiwa na miaka 55. Umri huo ulipandishwa hadi 60 mwaka 2009.

Haifai kudhani kwamba mwalimu huyu aliishi peponi. Mshahara wake ulikuwa haba. Mwezi Oktoba 1997 walimu waligoma nchini kote wakiongozwa na chama chao cha KNUT, na serikali ikakubali kuwaongeza mishahara kwa kati ya asilimia 150 na 200, nyongeza hiyo ilipwe kwa awamu katika muda wa miaka mitano. Awamu zilipokwama, waligoma tena mwaka 1998. Hata hivyo, katika shida zake zote mwalimu wa mlango wa kwanza alijua jambo moja: kazi ilikuwa yake. Angeweza kuomba mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akanunua kipande cha ardhi, akaoa au akaolewa, na akapanda miti katika uwanja wa shule akiwa na hakika kwamba atakiona kivuli chake.

Mwaka 1998 mlango huo ulifungwa. Serikali, ikiwa imebanwa ipunguze gharama ya mishahara ya watumishi wa umma, ilikomesha desturi ya kumwajiri kila mwalimu aliyehitimu. Baadaye nafasi zikawa zinatangazwa kwa kadiri walimu walivyostaafu, walivyofariki au walivyoacha kazi. Hivyo basi, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwezi Januari 2003, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikaruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, walimu waliokuwapo walizidiwa na madarasa yaliyofurika, ilhali wenzao waliohitimu walikuwa wakiranda na vyeti mikobani. Wengi wao waliingia madarasani kwa mlango wa nyuma: waliajiriwa na halmashauri za shule kwa ujira uliotokana na karo za wazazi, ujira ambao katika baadhi ya shule hukatika likizo zinapoanza.

Mwalimu wa mlango huu wa pili alisoma mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Ikiwa alisomea chuo kikuu baada ya mwaka 1995, yumkini alitoka na deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Alingoja miaka mitano, minane, mingine kumi. Alipoajiriwa hatimaye, majilisini alipokewa kama kijana, ingawa alikuwa na watoto wa shule na mvi zilikwisha kumchungulia kichwani. Huyu ndiye ushahidi wangu wa kwanza kwamba tunapolitaja neno "kijana" kazini hatuzungumzii miaka ya mtu. Tunazungumzia muda aliokaa ndani ya mlango.

Mlango wa tatu ulifunguliwa mwaka 2020. Mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa aliambiwa aanze kama mwanagenzi, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Posho ya mwanagenzi wa sekondari ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na ya mwanagenzi wa shule ya msingi shilingi 15,000. Vipindi alivyofundisha vilikuwa sawa na vya jirani yake mezani. Kilichotofautiana ni mwisho wa mwezi. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba TSC haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri walimu waliohitimu kama wanagenzi. Mwezi uliofuata wanagenzi wa Sekondari Msingi walisusia kazi wakidai ajira ya kudumu. Januari 2025 makumi ya maelfu yao walipewa ajira hiyo, na huku wengine wakaingizwa kwa mikataba ileile ya uanagenzi.

Sasa mkusanye walimu hao watatu kwenye meza moja wakati wa chai ya saa nne. Wote wana chaki mkononi, wote huitwa "mwalimu" na watoto walewale. Wa kwanza anangoja pensheni ambayo hakuichangia. Wa pili, kwa kuwa alikuwa hajafikisha miaka 45 mpango mpya wa pensheni ya watumishi wa umma ulipoanza Januari 2021, alilazimika kuuchangia: asilimia 2 ya mshahara wake mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili, na asilimia 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, nayo serikali ikimwongezea asilimia 15. Wa tatu ana mkataba wa miezi michache, na hakuna chama cha akiba kitakachomkopesha fedha za maana kwa mkataba kama huo. Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Je, tunastaajabu nini watatu hawa wasipoipenda shule kwa kiasi kimoja?

Chukua lawama ile ya kufika na kuondoka kwa kengele. Mwalimu mzee hubaki shuleni hadi jioni akisahihisha madaftari, akiwafunza wanariadha au akikagua bweni. Anaona haya kuwa ndiyo maana ya wito. Humshangaa kijana anayebeba mkoba wake mara tu kipindi cha mwisho kinapokwisha. Lakini kijana yule aghalabu anakwenda kufundisha masomo ya ziada mtaani, kuuza mitumba au kuendesha bodaboda, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji mkataba. Mpe mzee yule mkataba wa kijana, naye atakwenda na kengele. Mpe kijana barua ya ajira ya kudumu, ardhi ya kujenga na mkopo wa kulipa kwa miaka kumi, naye ataanza kuuliza ni nani aliyeuvunja ua wa shule.

Chukua na lawama ya simu na mtandao. Tangu mwaka 2016 kila mwalimu wa TSC ametakiwa kujitathmini kwa utaratibu wa TPAD, unaomdai ajaze na kuwasilisha taarifa za kazi yake kwa mtandao. Kwa mwalimu aliyezoea maazimio ya kazi na andalio la somo lililoandikwa kwa kalamu, huu ulikuwa mlima. Ikawa desturi katika shule nyingi kwamba mwalimu mdogo kuliko wote ndiye huitwa kila muhula kuwajazia wakubwa wake, bila malipo na mara nyingi bila shukrani. Wazee huuita msaada. Vijana huuona kuwa utumwa mdogo. Hapa nawaunga mkono vijana, ila nina nyongeza. Anayemjazia mwenzake kila muhula anamwacha pale pale alipokuwa. Anayeketi naye saa mbili akamwonyesha hatua moja baada ya nyingine humfanya mtu huru.

Wala si kweli kwamba wazee hawasomi. Maelfu ya walimu walioanza na cheti cha P1 walijipatia stashahada na digrii kwa masomo ya likizo, wakijilipia karo kutoka mishahara ileile haba, wakilala katika mabweni ya vyuo mwezi wa Aprili, wa Agosti na wa Disemba huku familia zao zikiwangoja. Mtu wa namna hiyo hawezi kusemwa kuwa anaogopa elimu. Anachokiogopa ni kuaibishwa mbele ya mtu aliye rika la mwanawe, na pengine aliyekuwa mwanafunzi wake.

Lipo pia suala la adhabu. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaharamisha kumwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga au kumtesa kiakili. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1990 alifundisha miaka kumi na mmoja kiboko kikiwa halali. Aliyeajiriwa juzi hakukikuta isipokuwa kwa siri. Mzee husema vijana wameacha watoto wapotoke. Kijana husema mzee anavunja sheria. Kwa upande wa sheria kijana ana haki, na hapana mjadala. Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba heshima ya mwalimu mkongwe ilitoka kwenye fimbo peke yake. Alijua jina la baba na mama wa kila mtoto. Alijua ni nani aliyelala na njaa, na ni nyumba gani kulikuwa na msiba. Kiboko kimeondolewa, na vyema kiondolewe. Ule ujuzi wa nyumba za wanafunzi haukupigwa marufuku na sheria yoyote, nao ndio unaomsaidia mwalimu anayetaka kurekebisha tabia bila kupiga.

Mahali ambapo milango hii imegongana kwa kishindo kikubwa zaidi ni Sekondari Msingi, JSS. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 walipoanza masomo Januari 2023, madarasa yao yaliwekwa ndani ya shule za msingi, kama lilivyopendekeza jopo la Profesa Raphael Munavu lililochunguza marekebisho ya elimu. Kwa hatua hiyo moja, walimu vijana waliofunzwa kufundisha sekondari, wengi wao wakiwa wanagenzi, waliwekwa chini ya walimu wakuu wa shule za msingi waliokuwa kazini kwa miaka ishirini au thelathini. Vijana wakauliza ni vipi mtu asiyefunzwa kufundisha sekondari awakague. Wakuu wakauliza ni vipi mwanagenzi asiyejua hata jinsi fedha za shule zinavyohesabiwa atake kujitawala. Vyama navyo vikaingia: KNUT, kilichoundwa mwaka 1957 na chenye mizizi katika shule za msingi, na KUPPET, kilichosajiliwa mwaka 1998 kwa ajili ya walimu wa sekondari na vyuo, vikagombania ni nani mwenye haki ya kuwasemea walimu hawa.

Ukiutazama ugomvi huo kwa haraka utauita ugomvi wa wazee na vijana. Lakini jiulize: ni mzee gani aliyepanga madarasa ya sekondari yawe katika ua wa shule ya msingi? Ni kijana gani aliyechagua kuwa mwanagenzi? Hakuna. Wote wawili walikuta meza imekwisha kuandaliwa na watu wasiokaa majilisini. Kisha wakaachwa wagombane juu ya funguo za maabara ambayo katika shule nyingi haijajengwa bado.

Hapo ndipo linapotokea jambo linalonihuzunisha zaidi kuliko yote. Wazee wanaondoka na kumbukumbu ambayo vijana wanaihitaji sana, na hakuna anayeiomba. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza ulisifiwa kwa maneno yanayofanana sana na yale yaliyosifia mtaala wa umilisi, CBC, ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019. Ulikusudiwa umtoe mtoto akiwa na ujuzi wa mikono. Paliongezwa darasa la nane, na masomo ya sanaa na ufundi, kilimo na sayansi ya nyumbani yakaingizwa. Wazazi walichanga kwa harambee kujenga karakana. Lakini katika shule nyingi karakana zilijengwa bila vifaa, masomo yakawa mengi kupita kiasi, mtihani ukameza kila kitu, na mtaala uliporekebishwa mwaka 2002 mengi ya masomo hayo ya mikono yakapunguzwa au kuondolewa katika mtihani wa darasa la nane.

Mwalimu aliyekuwa darasani katika miaka ile anajua kwa nini mpango mzuri uliharibika. Anajua mzazi huchoka lini kununua vifaa, na ni kwa njia gani mradi wa mtoto hugeuka kuwa mradi wa mama yake usiku wa manane. Anajua jinsi ya kufunza ufundi kwa mabaki ya mbao na makopo. Mwalimu kijana wa CBC anapambana na mambo hayo hayo akidhani ni yeye wa kwanza kukutana nayo. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini ukoko hauli asiyekwangua.

Deni hilo lina upande wa pili. Kijana naye ana mali ambayo mzee anaihitaji. Amezoea kutafuta picha, ramani na majaribio kwenye mtandao na kuyaleta darasani. Wengi wao wanaweza kumwacha mwanafunzi aulize na kupinga bila kuona kwamba cheo chao kimeguswa. Na kuna jambo jingine ambalo hawasifiwi kwalo: wanajua kudai haki zao. Mwalimu mzee anayewasuta wanagenzi kwa kususia kazi mwaka 2024 na akumbuke Oktoba 1997. Alikuwa na miaka thelathini hivi, na alipokuwa akiandamana wapo waliosema kwamba mwalimu wa kweli hagomi. Ikiwa mshahara wake leo una unafuu wowote, sehemu ya unafuu huo ilitokana na ukaidi wa ujana wake.

Atatokea mtu aniambie kwamba nimewatetea wote, na kwamba anayemtetea kila mtu hamtetei yeyote. Atasema wapo vijana wavivu, na wapo wazee wakorofi. Wapo, naam. Lakini uvivu na ukorofi hauna rika. Mwalimu anayekosa vipindi akiwa na miaka 25 na anayekosa vipindi akiwa na miaka 55 wanamkosea mtoto sawasawa, na wote wawili wanastahili kuulizwa na mkuu wao. Ninachokikataa ni ile tabia ya kuchukua kosa la mtu mmoja na kulifanya sifa ya kizazi kizima. Tukisema "vijana wa siku hizi" au "wazee wa zamani" tunajiondolea kazi ya kuuliza swali la maana zaidi: huyu mwenzangu aliahidiwa nini, na alipewa nini?

Nini basi kifanyike? Mzigo wa kwanza ni wa mwajiri. Mtu aliyefunzwa, aliyefaulu na aliyesajiliwa si mwanagenzi, na kumwita hivyo mwaka baada ya mwaka ni kumfunza asiipende kazi. Kama fedha hazitoshi kuajiri wote kwa mara moja, na waajiriwe wachache kwa masharti kamili, na orodha ya wanaongoja ifuatwe kwa haki na iwe wazi. Fauka ya hayo, mamlaka katika shule zilizo na Sekondari Msingi yaandikwe bayana: nani hukagua masomo, nani hushika fedha, nani huamua zamu. Watu wakishajua mipaka yao, heshima huja yenyewe.

Mzigo wa pili ni wa walimu wakuu, nao hauhitaji bajeti. Mwalimu anayebakiza mwaka mmoja astaafu apunguziwe zamu za usiku na badala yake apewe mwenzake mdogo wa kufundisha naye somo moja, kila mmoja akiingia darasani mwa mwingine na kusema kwa uungwana alichokiona. Kabla hajaondoka, aombwe aandike kurasa chache kuhusu shule: historia yake, mizozo iliyowahi kutokea na wazazi na jinsi ilivyotatuliwa, na vifaa vilivyopo na mahali vilikohifadhiwa. Shule ngapi zimemwaga mwalimu kwa keki, blanketi na hotuba, kisha wiki iliyofuata zikakosa mtu wa kueleza mpaka wa shamba la shule uko wapi?

Mzigo wa tatu ni wetu sote tuketio majilisini. Wewe mkubwa, usimwite mwenzako "kijana" au "mtoto" mbele ya wanafunzi. Mbele yao yeye ni mwalimu kama wewe. Usimtume akuletee chai kwa kuwa tu ulianza kazi kabla hajazaliwa. Wewe mdogo, mwamkie mkubwa wako kwa shikamoo au kwa namna yoyote ya heshima iliyozoeleka pale ulipo. Hakuna kitakachopungua kwako. Usimhesabu mtu kama aliyekwisha kuondoka kwa kuwa amebakiza miaka miwili. Nanyi nyote, mkiwa na neno juu ya mwenzenu, mwambieni yeye. Mwanafunzi si wa kupelekewa mashtaka ya majilisi.

Kwa wanafunzi nina neno. Msidhani haya ni mambo ya walimu pekee. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya mfumo wa 8-4-4 umepangwa kufanywa mwaka 2027. Mwaka 2025 wanafunzi wa kwanza wa CBC walifanya mtihani wa kumaliza Sekondari Msingi. Katika miaka michache baadhi yenu mtaingia kazini, hospitalini, ofisini, viwandani na hata majilisini, na mtakaowakuta ndani ni hao hao mnaowaita vijana leo. Wakati huo wao ndio watakaokuwa wazee wa 8-4-4, wakishangaa kwa nini nyinyi mnafanya mambo kinyumenyume. Mkimsikia mmoja wao akilalamika, msicheke haraka. Muulizeni alipoanza kazi alipokewaje.

Sisi tulio kazini sasa tuna uwezo wa kuamua watakavyokuta. Wazee wa leo hawakuweza kuuzuia mlango usifungwe mwaka 1998. Vijana wa leo hawakuweza kuukataa uanagenzi bila kukosa chakula. Lakini yote mawili yalipotokea, wapo waliokuwa ndani na wakanyamaza kwa kuwa hayakuwahusu. Nyongeza ya mishahara ilipochelewa waligoma. Wenzao walipofungiwa nje, sauti ilikuwa ndogo. Ikiwa kuna somo moja ambalo vizazi vya walimu vinadaiana, basi ni hili: aliyekwisha kuingia ana wajibu wa kuushika mlango kwa mkono mmoja ili anayemfuata apite akiwa amesimama wima.